Tunakwenda kwenye maonesho ya muziki kufanya nini?

Karibu kila wimbo ninaoutaka ninao kwenye simu hapa Hamburg, kama ambavyo ndugu zangu wanao kule Ngamiani, Tanga, na mara nyingi sauti yake ni safi kuliko ile inayotoka kwenye spika za ukumbini. Hata hivyo watu wa huku hukata tiketi miezi kadhaa mapema, tena kwa fedha nyingi, ili wakausikie muziki ambao wengine wao wanaujua kwa moyo, na watu wa Tanga nao hujaa mlangoni jioni ya onesho. Jibu la haraka, kwamba wanafuata burudani, halinitoshelezi, kwa kuwa burudani ipo nyumbani bila kiingilio. Kwa maoni yangu, mtu huenda kwenye onesho kwa sababu kuwapo kwake kunaweza kubadili kinachopigwa, na uwezo huo ukiondolewa sioni analipia nini.

Taarab inalionesha jambo hili waziwazi kuliko muziki mwingine ninaoufahamu. Mwanamke anayekwenda kwenye taarab ya harusi hafuati sauti ya mwimbaji peke yake: anaujua wimbo, anaujua ubeti, na anajua ni nani mwingine yumo ukumbini. Hutulia kitini mpaka ufike mstari alioukusudia, kisha huinuka na kwenda mbele kwa madaha, noti ikiwa juu ili kila mtu aione, akamtunza mwimbaji huku jicho lake likiwa kwa mtu mwingine kabisa. Wimbo ulitungwa na mwingine, pengine kabla yeye hajazaliwa, lakini usiku ule maneno yamekuwa yake na mlengwa ameyapata. Si ajabu naye akawa anausubiri ubeti wake wa kujibu. Mwimbaji mzoefu humwona anayekuja hata hajafika katikati ya ukumbi, akaurudia mstari, na wapigaji wakamfuata bila kuambiwa. Hakuna rekodi inayoweza kumrudia mtu mstari kwa sababu amechelewa kuinuka.

Bendi za dansi za Tanga, kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, nazo ziliishi kwa wachezaji wao. Santuri ndogo za zama hizo zilichukua dakika chache tu kila upande, hata nyimbo nyingi zikalazimika kukatwa vipande viwili, lakini ukumbini chemko, yaani ile sehemu ya wimbo iliyochangamka ya kuchezwa, liliweza kuendelea kadiri miguu ya watu ilivyolidai.

Huku Hamburg kuna ukumbi wa Elbphilharmonie, uliofunguliwa Januari 2017 juu ya ghala la zamani la bandarini, na chumba chake kikuu kina viti takribani 2,100 vinavyoizunguka okestra pande zote. Humo, kwa desturi, simfonia yenye sehemu nne hupigwa mpaka mwisho pasipo watu kupiga makofi katikati, na anayekohoa hutupiwa macho. Nimewasikia Watanzania wenzangu wakisema kwamba Wazungu hawajui kushangilia, wanakwenda kukaa tu. Sikubaliani nao. Watu elfu mbili wanapozuia pumzi ili fidla ipigwe kwa sauti ndogo kabisa, wanafanya kazi, na wapigaji wanaihisi kazi hiyo. Bila kimya chao, wasingethubutu kuishusha sauti kiasi hicho. Tena desturi hii haikuwapo tangu zamani. Mwaka 1778 mtunzi Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris, akifurahi kwamba wasikilizaji walimpigia makofi katikati ya simfonia yake, mahali palepale alipojua kuwa patawapendeza. Baadaye ndipo ukimya ulipotia mizizi, na Wagner, mtunzi wa Kijerumani, alipofungua jumba lake la opera la Bayreuth mwaka 1876, akawaweka watazamaji gizani ili macho yao yasitoke jukwaani. Kwa hiyo Mjerumani wa leo anashiriki kwa kunyamaza, sisi tunashiriki kwa kuinuka, na kila mmoja analipia nafasi hiyo ya kushiriki.

Ndiyo maana nikirudi nyumbani huwa nasononeka kuona maonesho ambamo mwimbaji anashika kipaza sauti huku wimbo mzima, pamoja na sauti yake mwenyewe, ukitoka kwenye kompyuta. Malalamiko ya kawaida ni kwamba huo ni udanganyifu. Mimi naona hasara yake kubwa ni nyingine: wimbo wa namna hiyo haungoji mtu. Shangazi anaweza kuwa bado yuko njiani na noti yake, ubeti umepita, wimbo umekwisha kwa dakika zilezile ulizokwisha jana, naye anamkabidhi mwimbaji fedha katikati ya wimbo mwingine usiomhusu hata kidogo. Vijana nao wameshajua kwamba hakuna kitakachotokea kwa sababu yao, basi wanainua simu na kurekodi.

Waandaaji husema kwamba bendi ni gharama: watu wengi wa kusafirisha, kulisha na kulaza. Hoja hiyo ni ya kweli, ila Tanga haina haki ya kuikubali upesi, kwa sababu ndiko Black Star Musical Club ilikoonesha kwamba taarab haihitaji okestra kubwa ya mtindo wa Kimisri kama zile za Unguja. Kikundi kidogo chenye magitaa na ngoma, pamoja na sauti kama ya Shakila Said, aliyeimba Black Star na kisha Lucky Star, kilitosha kuufanya mtindo wa Tanga ufuatwe hadi Mombasa. Wapigaji watano au sita wanaomtazama anayeinuka wanatosha hata leo. Kwa kuanzia, wenye kumbi waandike kwenye mabango yao kama bendi itapiga yenyewe au wimbo utatoka kwenye kompyuta, na viingilio vitofautiane kwa kiasi hicho.