Treni ya Ijumaa inatunyima marafiki

SGR, hii treni ya umeme ya Dar na Dodoma, siisemi vibaya, mimi mwenyewe naipanda. Enzi za basi ulikuwa unapoteza siku nzima njiani, mgongo unakuuma, ukipiga hesabu unaona bora ubaki tu Dodoma. Tangu 2024 ni masaa matatu na kitu, basi Ijumaa jioni stesheni inajaa watumishi na vibegi vya mgongoni, tunakimbilia familia zetu Dar, Jumapili tunarudi na hotpoti za pilau. Raha tupu. Ila shida ninayotaka kuisema iko humo humo kwenye raha.

Kilichonishtua mimi ni fomu. Jumatano moja nilishikwa na homa kali nikadandia boda mpaka zahanati, nesi anajaza karatasi akaniuliza, "Kaka, nani wa hapa Dodoma tumpigie ikibidi?" Nikataja namba ya mke wangu. "Yuko wapi huyu?" Mbagala. Akaweka peni chini akaniangalia. "Nimekuuliza wa hapa." Nina mwaka na miezi minne nakaa mji huu! Nikatoa namba ya mlinzi wa geti, ambaye hata jina la baba yake silijui, nesi akaandika "jirani" tukaendelea.

Na sio kwamba mimi mkimya, ofisini naongea mpaka bosi analalamika, grupu la WhatsApp la washkaji wa Dar linalia kutwa nzima. Nadhani hilo grupu ndo linatudanganya zaidi, unacheka na simu mpaka saa nne usiku unajiona una watu, kumbe chumbani uko wewe na feni.

Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas kule Marekani, Jeffrey Hall, mwaka 2018 alitoa utafiti wake kuhusu urafiki, na kundi moja aliloliuliza lilikuwa watu wazima waliohama makazi miezi ya karibuni, yaani watu kama sisi. Akakuta kutoka kufahamiana tu mpaka kuwa marafiki wa kawaida ni kama masaa 50, kuwa rafiki hasa ni kama 90, na yule rafiki wa ndani ni zaidi ya 200. Halafu masaa ya kufanya kazi pamoja hayasaidii sana kama yale ya kupoteza muda pamoja. Nilivyosoma hapo nikajumlisha yangu nikakuta sina hata kumi na mtu yeyote hapa mjini nje ya ofisi.

Sasa huku kwetu masaa hayo yanapatikana lini? Wikiendi. Jogging ni wikiendi, bonanza wikiendi, harusi na vikao vyake vingi ni wikiendi. Na msiba ukitokea, mtu mzima anapata marafiki chini ya turubai kuliko sehemu nyingine yoyote, mnapanga viti, mnasubiri gari la mwili, mnagombania kivuli, mkitoka hapo huyo mtu hamwezi kupishana tena bila kusimama. Sisi wa treni siku hizo hatupo. Hatujazika na mtu, tutajuanaje?

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu, wiki moja naenda, wiki moja nabaki, mke alinuna mwanzoni tukaelewana. Jioni nashuka kwenye kijiwe cha kahawa hapa Ilazo, benchi mbili na ubao wa drafti, kete ni vizibo vya soda. Siku ya kwanza nilikaa pembeni na kikombe changu kama mtu aliyepotea njia, hakuna aliyenisemesha zaidi ya salamu. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu mzee mmoja akanisogezea ubao, "Kaa hapa kijana, mwenzangu kaenda swala." Akanila kete zote ndani ya dakika tano watu wakacheka mpaka muuza kahawa akamwaga. Tangu siku hiyo naitwa Treni.

Ushauri wa kujichanganya, kutabasamu, kuanzisha mazungumzo, mimi nauona wa kitoto kidogo. Mtu mzima haendi kuomba urafiki, anaonekana tu sehemu ile ile, saa ile ile, mpaka asipokuja wamuulize. Inaboa, kuna siku stori ni zile zile za bei ya mafuta na upepo wa Dodoma, unatamani urudi kwenye simu yako.

Wiki iliyopita nilienda Dar, niliporudi yule mzee hakunisalimia hata, akasema tu unadaiwa kahawa mbili, nilikulipia juzi na ukaondoka bila kuaga. Ijumaa hii nabaki. Namlipa, halafu naenda kuliwa kete tena.