Rapa wa Mombasa na safari ya Nairobi

Akianza tu kusikika redioni, rapa wa Mombasa huulizwa jambo moja kila aendako: utahamia Nairobi lini? Anayeuliza huwa na nia njema. Ameona vijana wakali wa Kisauni, Likoni na Changamwe waliozeeka na mistari yao bila kujulikana ng'ambo ya Mazeras. Wako wengine ambao, wakimwona kijana anapanda basi, humhesabu kuwa ameukana mji. Kila upande una haki yake, ila uzito wa haki hizo haulingani.

Hoja ya kuhama ni ya riziki, na haina mzaha ndani yake. Televisheni za kitaifa ziko Nairobi, na kampuni zinazolipia matangazo zina makao yake huko huko. Mombasa nayo ina pesa za muziki, lakini nyingi ziko kwenye hoteli za ufukweni, na mgeni aliyekuja kuota jua hataki kusikia kero za Kongowea. Anataka wimbo wa kumkaribisha. Them Mushrooms, bendi ya hapa Mombasa, walipitia hoteli hizo. Wimbo wao wa Jambo Bwana wa mwaka 1982 ukavuka bahari, na hata wao baadaye wakahamia Nairobi. Ikiwa bendi yenye wimbo kama ule iliona haja ya kwenda, kijana mwenye nyimbo tatu kwenye simu alaumiwe kwa lipi?

Na liko jambo ambalo sisi wa hapa hatupendi kuambiwa: mji haumlipi rapa wake. Shoo za mtaani humpa nauli na soda. Jukwaa kubwa likisimamishwa, nafasi ya usiku huwekewa msanii wa Dar es Salaam au Nairobi. Wa nyumbani hupandishwa alasiri, jua kali, viti vitupu, fundi bado anahangaika na nyaya za spika, na maikrofoni inakatika katikati ya ubeti. Watu wanapoanza kujaa, yeye keshashuka. Aliyevumilia hayo miaka na miaka akaamua kuondoka hajamsaliti mtu.

Hata hivyo, hoja ya kubaki ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa inahusu kile kinachomfanya awe rapa tangu mwanzo. Mji huu ulijibizana kwa mashairi karne nyingi kabla ya biti. Mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliwajibu mahasimu wa Mombasa kwa tungo zilizokaa vichwani mwa watu kwa miongo mingi, mpaka Mwalimu Sikujua akazikusanya zisipotee. Mtoto wa hapa hulelewa ndani ya mkondo huo bila kujua. Husikia mafumbo ya bibi yake, husikia watu wakirushiana maneno arusini, na siku ya Maulidi husimamishwa mbele ya umati asome kasida, apime pumzi zake, asikatike kabla ya kina. Kufika miaka 15 ana mazoezi ambayo hakuna studio inayoweza kuyauza.

Ukoo Flani, kundi la rap la Mombasa, walitoka na akiba hiyo. Cannibal, Sharama, Fujo Makelele na wenzao walipoungana na Mau Mau, kambi ya marapa wa mtaa wa Dandora, Nairobi, walikokuwa kundi la Kalamashaka, hawakwenda kujifunza kusema kama watu wa Dandora. Walikwenda na Kiswahili chao cha pwani, na tofauti ile ndiyo iliyoipa nguvu Ukoo Flani Mau Mau na albamu ya Kilio cha Haki ya mwaka 2004. Nairobi iliwapa jukwaa. Sauti walikuwa nayo tayari. Rapa Kaa La Moto naye, aliyekuja baadaye, amejulikana nje ya Pwani bila kuutupa ushairi wake.

Kwa hiyo kuondoka kwenyewe hakunitii hofu. Hofu yangu ni kuondoka mapema. Kijana wa miaka 19 akifika studio ya mji mkuu, prodyuza humwambia Kiswahili chake kizito, apunguze, aweke Sheng kidogo ili wimbo ushike. Naye hukubali, maana ana kodi ya kulipa. Miezi michache baadaye anachana kwa lugha ya mitaa ya Eastlands ya Nairobi, na humo atabaki nyuma ya waliozaliwa nayo. Nyumbani nako wanamsikia kama mgeni.

Wapo wanaosema intaneti imemaliza mjadala huu. Haijaumaliza. Video hupandishwa mtandaoni kutoka popote, ndiyo, lakini maisha ya rapa bado yanategemea shoo, na shoo zinafuata walipo mapromota. Isitoshe, masikio ya Mombasa yenyewe yameelekea kusini. Panda matatu ya Kisauni jioni yoyote uone ni nyimbo za nani zinazopigwa. Ni za Bongo. Lakini Tanzania hiyo hiyo ina Arusha: X Plastaz waliingiza uimbaji wa Kimasai ndani ya rap wakafika Ulaya, na Joh Makini na wenzake wa kundi la Weusi hawakuificha asili yao ya Arusha ili wakubalike Dar.

Ningekuwa na ndugu anayeanza leo Mishomoroni, ningemwambia abaki mpaka watu wa kwao wayajue mashairi yake kwa moyo, kisha aende Nairobi kufanya biashara. Ila ushauri huo una gharama, na kwa sasa anailipa yeye peke yake. Redio za Pwani zinaweza kumpa saa nzuri ya jioni badala ya usiku wa manane. Kaunti inaweza kufungua ukumbi wa Tononoka kwa rapa wa nyumbani kila mwezi, kwa kiingilio kidogo na malipo yanayojulikana kabla ya kupanda jukwaani. Na promota anayemleta mgeni kutoka Dar anaweza kumpandisha mwenyeji saa tatu usiku, watu wakiwa wamejaa.