Muuguzi wa wodi ya akili: ni mkavu, au anaogopa?

Malalamiko ya watu wenye wagonjwa katika wodi za akili huku Kisumu hufanana: masista ni wakavu, hawana maneno na mtu. Ukavu upo. Ninachobisha ni sababu yake: watu huona ni kukosa huruma, mimi naona ni woga.

Chukua saa ya dawa usiku. Foleni iko mbele ya toroli. "Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya, mwingine." Kijana anasema, "Sista, zile sauti zimerudi, zinaniambia nijimalize." Sista anaandika kwenye faili, anamwambia daktari atamwona asubuhi, kisha anaita jina linalofuata. Amefuata utaratibu. Pia ameyakwepa maneno yale, maana kumuuliza zinasema nini hasa ni kubaki na jibu lake hadi kupambazuke.

Mwaka 1960 Isabel Menzies, mtaalamu wa uchambuzi wa nafsi wa Taasisi ya Tavistock, alichapisha utafiti kuhusu wauguzi wa hospitali moja kubwa ya London, ambako karibu theluthi moja ya wanafunzi wa uuguzi waliacha kabla ya kumaliza. Aligundua kwamba hospitali yenyewe ilikuwa imepangwa kumkinga muuguzi na wasiwasi. Kazi ilikatwa vipande ili asimzoee mgonjwa yeyote, mgonjwa aliitwa kwa ugonjwa na kitanda chake, na uamuzi ulisukumwa kwa mkubwa. Wasiwasi haukuisha, kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kuukabili. Kwetu "ini la kitanda cha 10" limekuwa "yule wa bangi".

Hata hivyo, siwezi kumlaumu anayejikinga. Yuko peke yake zamu ya usiku, wodi imejaa, na huenda juzi alipigwa ngumi. Akiibeba kila hadithi moyoni, hatamaliza mwaka. Wala si kila rejista ni woga: kuhesabu vidonge vya diazepamu (dawa ya kutuliza) na kutia sahihi watu wawili kunazuia wizi na makosa ya dozi. Anayeona hofu hata hapo ameipenda nadharia kupita kiasi.

Ila wodi ya akili ina shida yake. Kidonda kitapona hata kama anayekifunga amenuna. Mtu anayesikia sauti hutibiwa kwa dawa na pia kwa mtu wa kuzungumza naye, na huyo mara nyingi ni muuguzi, kwani daktari hupita tu. Muuguzi akijifungia, sehemu ya matibabu imefungwa pamoja naye. Isitoshe, marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanampa mgonjwa haki ya kushiriki kupanga matibabu yake. Atashiriki vipi na mtu asiyemwangalia usoni?

Kwa hiyo mizani yangu inaelemea upande wa mgonjwa, lakini kumkaripia sista aonyeshe huruma ni kumvua koti kwenye mvua. Apewe kwanza mahali pa kusema anachoogopa: kikao cha wiki na msimamizi mwenye uzoefu, kisicho cha kutafuta makosa. Kaunti itajibu kwamba wauguzi hawatoshi hata kwa zamu za kawaida, na ni kweli. Basi ianze na lisilohitaji kuajiri: aliyesomea uuguzi wa akili asihamishiwe wodi ya wazazi pale tu anapoanza kuwajua wagonjwa wake kwa majina.