Usimkanyagie breki aliyekugandia nyuma

Kuna ushauri unaorudiwa kila madereva wanapozungumzia watu wanaowagandia wenzao nyuma kwenye barabara za vijijini: "Mkanyagie breki kidogo tu, ashike adabu." Wanaosikiliza wanakubali kwa vichwa, na kesho yake mtu anakwenda kuujaribu akiwa amepakia watoto kiti cha nyuma. Nauandikia kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha. Ushauri huo unavunja shingo za watu, na hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba kila mwenye leseni angepaswa kuijua.

Chukua barabara ya lami, njia moja kwenda na moja kurudi, kavu, nawe uko kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linameza mita 22 kila sekunde. Aliyekugandia yuko mita 10 nyuma yako, yaani urefu wa magari madogo mawili na kitu. Ukiupima kwa muda, huo ni umbali usiofika nusu sekunde. Dereva wa kawaida akiona taa za breki mbele yake, huchukua kati ya sekunde 1 na 1.5 mpaka mguu utoke kwenye mafuta, uhamie kwenye breki na breki zishike. Akiwa na simu mkononi, ongeza.

Sasa kanyaga breki kwa nguvu. Gari zima kwenye lami kavu huweza kupunguza mwendo kwa mita 7 hivi kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Katika ile sekunde moja na nusu ambayo mwenzako bado hajaanza kupunguza chochote, wewe umeshashuka kutoka 80 hadi karibu 42, na kati ya zile mita 10 zimeliwa karibu 8. Zimebaki 2. Anakuja juu yako akikuzidi mwendo kwa kilomita 38 kwa saa. Hata breki zake zikiwa bora kuliko zako, mita 2 hazimsaidii kitu. Isitoshe, gari linapofunga breki kwa nguvu huinamisha pua na kuinua mkia: pua yake inashuka, mkia wako unapanda, na bampa lake linajipenyeza chini ya lako badala ya mabampa kukutana. Hiyo ndiyo adabu uliyokwenda kumfundisha.

Rudia hesabu ileile, ila safari hii ukanyage pole, upunguze mita 2 tu kwa sekunde. Ni breki laini, isiyomrusha abiria mbele. Ndani ya sekunde moja na nusu mwenzako amekusogelea mita 2 na robo tu, akikuzidi mwendo kwa kilomita 11 kwa saa. Naye akikanyaga breki ya wastani, anamaliza tofauti hiyo ndani ya mita 1 na nusu nyingine. Jumla hata mita 4 hazijafika, na zimebaki 6. Barabara ni ileile, mjinga ni yuleyule, umbali ni uleule. Kilichobadilika ni mguu wako.

Ndiyo maana nasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: mtu akikugandia nyuma, nafasi iliyo mbele yako inakuwa ya watu wawili. Yeye hajajiachia nafasi ya kusimama, kwa hiyo inabidi umwachie wewe, na mahali pekee unapoweza kuipata ni mbele yako. Najua inauma kumtunzia usalama mtu asiyekujali. Lakini shingo itakayovunjika ni yako.

Breki hiyo laini ina gharama yake. Kutoka 80 mpaka kusimama kwa breki ya nguvu unahitaji mita 35 hivi. Kwa breki laini unahitaji zaidi ya mita 120, na hapo sijahesabu mita 22 hadi 33 unazokwenda kabla hujagusa pedali. Jumlisha, unafika kwenye mita 150. Ni barabara ngapi za vijijini zinazokuonyesha mita 150 mbele muda wote? Kuna kona, vilima, majani marefu, trekta linalochomoza shambani, ng'ombe wanaovuka. Kutoka 60, breki laini ileile inataka mita 70, na pamoja na muda wa kufikiri mita 90 hivi. Kwa hiyo kona inayokuonyesha mita 90 ni kona ya 60 ukiwa na mtu mgongoni, hata kama ungekuwa peke yako ungeipita na 80 bila wasiwasi. Kupunguza mwendo hapa si ukaidi wala kumkomoa. Ni kutafuta mwendo ambao unaweza kusimama pole ndani ya barabara unayoiona.

Mbele yako kukiwa na gari, pima kwa sekunde. Chagua nguzo au alama ya barabarani. Mkia wa gari la mbele ukiipita, anza kuhesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" mpaka pua yako ifike hapo. Sekunde 2 ndicho kipimo cha kawaida kwenye lami kavu, na 4 mvua ikinyesha. Ukiwa na mtu mgongoni anzia 4 hata kukiwa kukavu, na barabara ikilowa ongeza tena. Kumpima wa nyuma tumia kioo: alama ikipitwa na mkia wako, hesabu mpaka pua yake ifike. Ukishindwa hata kumaliza kutamka "elfu moja na moja", una kazi. Kwa gari dogo kuna dalili nyingine ya haraka: kwenye kioo cha ndani kwanza inapotea namba ya gari lake, kisha bampa, kisha taa za mbele. Taa zikishazama chini ya ukingo wa kioo chako cha nyuma, yuko mita chache tu.

Namna ya kupunguza nayo ina utaratibu. Watu wengi huachia mafuta na kushusha gia, gari linashikwa na injini, nao wanaona wamefanya kistaarabu. Lakini kushusha gia hakuwashi taa za breki. Wa nyuma haoni dalili yoyote mpaka bampa lako limekua machoni pake. Achia mafuta taratibu, halafu weka mguu juu ya pedali ya breki kwa uzito mdogo sana. Kwenye magari mengi, sehemu ya mwanzo kabisa ya mwendo wa pedali huwasha taa kabla breki hazijaanza kushika. Gusa mara mbili tatu namna hiyo, taa ziwake na kuzimika, kisha ndipo upunguze. Atakayesema huko nako ni kumkanyagia breki, hajaelewa: gari halijapunguza kitu, limetoa taarifa tu. Toka 80 hadi 60 kwa sekunde nane au kumi, si kwa tatu.

Kisha mwondoe. Hapa nakubali, kwa shingo upande, kwamba mara nyingine aliyegandia ana hoja: umebeba mzigo, au hujui njia, unakwenda 50 panapokwendeka 80, na nyuma yako magari saba. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamtaka wa nyuma aache umbali wa kutosha, na unakataza kufunga breki ghafla pasipo sababu ya usalama. Lakini mkataba huohuo unamtaka anayepitwa akae karibu na ukingo na asiongeze mwendo, na dereva wa gari la polepole lisilopitika kirahisi apunguze, na ikibidi asogee pembeni wengine wapite. Kwa hiyo kumpisha ni wajibu wako wa barabarani, na asikwambie mtu kwamba umeshindwa.

Njia rahisi ya kumpisha ni kuachia mafuta kwenye barabara iliyonyooka inayoonekana mbali. Tazama tofauti. Wewe uko 80, yeye anapita kwa 100: ili atoke nyuma yako, akupite na kurudi salama mbele, lazima akuzidi kwa mita 30 hivi, na hilo linamchukua zaidi ya sekunde 5 na mita 150 za barabara akiwa upande wa wanaokuja. Ukishuka hadi 60, zinamtosha sekunde 2.7 na mita 75. Nusu. Anayeongeza mwendo wakati anapitwa anafanya kinyume chake, anamrefushia mwenzake muda uleule wa hatari, na gari likitokea mbele wote watatu wanagongana. Sina neno la upole kwa tabia hiyo.

Usimpungie mkono kwamba njia iko wazi, wala usitumie indiketa kumruhusu. Hujui gari lake lina nguvu kiasi gani, na indiketa anaweza kuisoma kwamba unakata kona. Mwachie macho yake yamwamulie.

Pasipokuwa na mahali panaponyooka, tafuta pa kutokea: bega pana la barabara, mdomo wa njia ya shamba, kituo cha basi. Washa indiketa sekunde 10 kabla, ambazo kwa 80 ni kama mita 220, punguza ukiwa bado kwenye lami, kisha ingia pembeni. Tatizo kubwa ni ukingo wenyewe. Penye ngazi kati ya lami na udongo, tairi mbili zikishuka kwa kasi dereva hustuka na kukata usukani kurudi. Tairi inakwaruza ule ukingo, inakataa, inakataa, halafu inapanda ghafla na gari linavuka hadi upande wa pili. Ukijikuta umeshuka, shika usukani unyooke, achia mafuta, subiri mwendo ushuke kabisa ndipo upande. Usitokee penye tope, wala mara tu baada ya kilima au kona, maana wanaofuata watakukuta umesimama.

Kukata kona kuingia njia ndogo ndipo pabaya kuliko pote ukiwa na mtu mgongoni, hasa pale inapobidi usimame katikati kusubiri wanaokuja. Toa indiketa mapema kuliko kawaida, gusa taa za breki, mtazame kwenye kioo. Akilegeza, kata. Asipolegeza, usikate. Pita, nenda mbele ukageuzie mahali penye nafasi, urudi. Dakika tatu hazijamwumiza mtu. Ikikulazimu kusimama ukisubiri, acha magurudumu ya mbele yamenyooka, kwa sababu yakiwa yameshapinda, atakayekugonga nyuma anakusukuma moja kwa moja mbele ya anayekuja.

Lori nalo ni habari nyingine. Breki zake za upepo huchelewa kidogo kushika hata zikiwa nzima, na likiwa na shehena linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Ukiliona limekujaa kwenye kioo katika mteremko mrefu, usidhani kwanza kwamba ni ubabe. Huenda breki zimepata moto na dereva anapambana nazo. Hapo usiguse breki yako kumpa ujumbe. Ongeza mwendo kwa kadiri barabara inavyoruhusu salama, na toka njiani mahali pa kwanza panapofaa.

Kwenye changarawe kila kipimo kinaongezeka, na aliyekugandia amezama kwenye vumbi lako, haoni taa zako za breki vizuri. Mpishe mapema.

Usiku mwanga wake ukikupiga machoni, sukuma kile kijino kilicho chini ya kioo cha ndani, mwanga utafifia. Usimjibu kwa taa ya ukungu ya nyuma. Inamwumiza macho na kuzifunika taa zako za breki, ambazo ndizo unazotaka azione. Wengine hugandia usiku kwa sababu wanatumia taa zako kusoma kona. Hao hawataki kupita, kwa hiyo ukipunguza nao wanapunguza. Dawa yao ni kusogea pembeni kabisa mpaka wapite.

Kabla ya safari kagua taa za breki zote, ile ya juu nayo. Rudisha gari karibu na ukuta usiku, kanyaga, tazama mwanga. Inua kiegemeo cha kichwa mpaka ncha yake ilingane na utosi wako, na pengo kati yake na kisogo lisizidi sentimita 6 hivi. Wengi huendesha kiegemeo kikiwa chini kabisa, usawa wa shingo, mahali ambapo ukigongwa nyuma hakizuii kichwa kurudi.

Na kama amepishwa, hakupita, anaendelea kukufuata, basi hilo si suala la barabara tena. Funga milango, usisimame pasipo na watu, usielekee nyumbani, nenda penye watu au kituo cha polisi.

Akishapita, mwache aende. Usimfuate wala usimmulike. Na kabla hujarudisha tairi kwenye lami, tazama kioo, kisha geuza kichwa uangalie begani, maana nyuma ya mwenye haraka mara nyingi kuna mwingine aliyekuwa amemgandia yeye, na huyo hukuwahi kumwona.