Chumvi Ilikuwemo Tangu Mwanzo

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi ingawa yeye hakulihifadhi langu, ameshakisambaza kisa cha Alhamisi, cha ramani yangu kongamanoni, katika makundi matatu ya WhatsApp, mojawapo likiwa la watu wa kwetu kijijini, nimeona heri nikisimulie mwenyewe kabla hakijasomwa pamoja na matangazo ya kanisani. Yeye amekitia chumvi: anadai kwamba nililia. Sikulia. Anadai pia kwamba nilitoka ukumbini mbio. Ukweli ni kwamba nilitembea kwa haraka, na mlango wa ukumbi ule husukumwa, hauvutwi, jambo ambalo lilinichelewesha mbele ya watu wote.

Nilikuwa nimepewa dakika nane katika kongamano lile la ramani na ajira ili niwasilishe utafiti wangu wa shahada ya uzamili kuhusu vioski vya maji vya Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Tangu Mukuru itangazwe eneo maalumu la upangaji mwaka 2017, imepimwa na kupimwa tena, na mimi nami nilitaka kuacha alama yangu. Kwa wiki mbili nilisimama kando ya kila kioski nikisubiri simu yangu ikubaliane na setelaiti kuhusu mahali nilipo, huku akina mama waliopanga foleni wakitaka kujua kama nimetumwa na serikali, na mmoja wao, mwenye majerikani manne ya manjano, akinitaka ninunue maji au niondoke kwenye foleni. Nilirudi na vioski 63. Navipenda kama watoto.

Kosa lenyewe lilitendeka saa moja asubuhi ndani ya matatu ya kutoka Rongai. Usiku uliotangulia ramani ilikuwa sahihi, na laiti ningeiacha. Lakini kompyuta ikiwa magotini, niligundua kwamba jina la kioski kimoja lilikuwa na herufi moja isiyo yake, nikalisahihisha kwenye jedwali, kisha ikanibidi kulipakia jedwali upya. Programu ya ramani huuliza safu ipi ni X na ipi ni Y. Ninyi mnaonifuata kwa ajili ya mapishi, nivumilieni kidogo: kwa mdomo sisi hutaja latitudo kwanza, kisha longitudo, ilhali X ya kompyuta ni longitudo. Nairobi iko takriban digrii 1.3 kusini mwa ikweta na 36.8 mashariki. Matatu ikaruka tuta, dereva akatukanwa, mimi nikachagua latitudo kuwa X. Bando lilikuwa limekwisha, kwa hiyo nukta zangu zilitokea juu ya ukurasa mweupe bila barabara wala jina. Ziliinama kidogo upande, lakini ni nani asiyeinama akiwa ndani ya matatu? Nikafunga kompyuta.

Mtu mwenye busara angeonyesha picha ya ramani. Mimi, kwa majivuno, niliamua kuionyesha ikiwa hai, kwa intaneti ya ukumbi, ambayo hutiririka kama mifereji ya mtaani kwetu: kwa zamu. Nilisimama nikiipa skrini mgongo, suti ya kuazima ikinibana mabegani, nukta 63 nyekundu zikiwa nyuma yangu juu ya weupe.

“Kama mnavyoona,” nikasema, “vioski vingi vimefuata barabara.”

Kwa pembe ya jicho nikaona kigae kimoja cha ramani, yaani kimojawapo cha vipande vya mraba vinavyoiunda picha yake, kikijitokeza chini kushoto. Kilikuwa cha buluu.

“Na huo,” nikaongeza bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu anayeijua nchi yake, “ni Mto Ngong.”

Kigae cha pili kikaja, buluu. Cha tatu, buluu. Msichana wa safu ya mbele aliacha kuandika. Nikasema kwamba mto hupanuka katika sehemu hizo. Cha nne. Cha tano. Nikaeleza kwamba wakazi hawatembei mbali kufuata maji, na hapo nikasikia mtu akikohoa kikohozi kisicho cha kifua. Nilipogeuka hatimaye, skrini nzima ilikuwa buluu tupu, isiyo na hata kichochoro kimoja, na vioski vyangu vimetapakaa juu yake kama maboya ya wavuvi.

Profesa aliyeongoza kikao akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza zaidi, “Hebu irudishe ramani nyuma kidogo, mwanangu.” Nikairudisha. Buluu. Nikairudisha tena. Buluu iliyo pana zaidi. Mara ya tatu nchi kavu ikachomoza juu ya skrini, ikaandikwa Cartagena; na chini, ng'ambo ya maji, ikaandikwa Oran. Mukuru yangu ilikuwa imetia nanga katika Bahari ya Mediterania, katikati ya Uhispania na Aljeria.

Ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia feni ya projekta. Ndipo mzee mmoja wa nyuma, mpima ardhi mstaafu kwa jinsi alivyojitambulisha, akainua mkono taratibu.

“Nina swali dogo. Jerikani la maji hayo linauzwa bei ile ile, ingawa ni ya chumvi?”

Nami, kwa kuwa nyumbani nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo jinsi ya kupokea kila swali, nikajibu: “Ahsante sana kwa swali lako zuri.”

Sitaki kueleza kicheko kile. Niliposema kwamba rafiki yangu ametia chumvi kisa hiki, nikiri basi kwamba chumvi aliikuta humo humo.

Yaliyobaki ni machache. Nilizibadilisha safu, vioski vikarudi nyumbani kwa sekunde mbili, nikamaliza, nikapigiwa makofi mengi kuliko utafiti wenyewe, nikapambana na mlango. Nje, kwenye meza za waajiri, niligawa nakala tatu tu za wasifu wangu kati ya ishirini nilizochapisha, kwa sababu mama wa meza ya tatu aliusoma mstari wa “umakini katika usahihi wa data” kwa sauti, akaniangalia, akaniuliza, “Wewe ndiye wa Uhispania?” Darasani sasa naitwa Nahodha.

Jana usiku mama yangu alipiga simu kutoka nyumbani. Amesikia kwa shangazi, aliyesoma kwenye lile kundi la kijiji, kwamba vioski vyangu vimefika Ulaya, na anataka kujua nasafiri lini, kwa kuwa ameshawaalika watu wa maombi Jumamosi na mbuzi amekwisha kufungwa kamba.