Shetani Akitokea, Muuaji Anapona

Kuna riwaya za kutisha ninazozipenda na zinazoniudhi kwa wakati mmoja: zile zinazowekwa ndani ya vita vya dini vya Ulaya, karne ya 16 na ya 17. Unapewa mji wa Ujerumani katikati ya ile Vita ya Miaka Thelathini, majeshi ya Wakatoliki na ya Waprotestanti yanapishana, njaa imeingia, na watu wanaanza kukamatwa kwa uchawi. Nusu ya kwanza huwezi kukiweka kitabu chini. Kisha mwandishi anaishiwa subira. Shetani anajitokeza, pembe na kila kitu, na yule bibi aliyeshtakiwa kumbe alikuwa mchawi kweli.

Hapo mimi huacha kusoma. Mahakimu waliowachoma watu walikuwa na dai moja: wachawi wapo, na hawa ndio. Mwandishi akimleta shetani mwenye kwato, amewapa ushahidi waliokuwa wakiutafuta. Amewasafisha wauaji, na waliokufa bila hatia amewahukumu upya, huenda bila hata kujua.

Chukua Bamberg, Ujerumani. Mji ule ulikuwa chini ya askofu aliyekuwa pia mtawala, Johann Georg Fuchs von Dornheim, na kati ya 1626 na 1631 mamia ya watu waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Ilijengwa hadi jela maalumu kwa ajili yao. Julai 1628 alikuwamo meya, Johannes Junius. Mikono yake ilikuwa imeharibiwa na chombo cha kubana vidole, lakini alimwandikia bintiye Veronika barua, ikatoroshwa nje. Humo anasimulia jinsi mtesaji mwenyewe alivyomsihi, kwa jina la Mungu, akiri chochote, kiwe kweli au uongo. Abuni tu, kwa sababu yanayokuja hatayaweza, na hata akiyaweza hawatamwachia.

Junius akabuni shetani wake. Haikutosha, wakataka majina ya wenzake. Aliposema hakumtambua mtu, wakamwambia aupite mji kichwani, mtaa baada ya mtaa: aanzie sokoni, atoke kwa njia moja arudi kwa nyingine, ataje wanaokaa huko. Ukafika mtaa ambao hakuwa na wa kumtaja. Akalazimika kutaja watu vilevile. Waliomtaja yeye, anaandika, walimwomba radhi kabla ya kuuawa.

Sasa niambie, jini gani utamleta kwenye chumba kile azidi kutisha kuliko swali la “na mtaa unaofuata?” Karani yuko pale na kalamu yake, anasubiri jina. Na yule mtesaji anamwonea huruma mtu, kisha anaendelea kukaza.

Wapo watakaosema bila shetani hiyo ni historia tu, si hadithi ya kutisha. Nawaelewa, na kwa sehemu wana haki, kwa sababu kuna kosa la upande wa pili linaloniudhi karibu sawa. Ni ile riwaya ambayo kila kasisi ni mnafiki anayetaka shamba la mjane. Uroho ulikuwepo, mali za waliohukumiwa zilitaifishwa, hilo halina ubishi. Lakini ukijaza kitabu wanafiki watupu, msomaji anapumua: hao ni wabaya, mimi siko hivyo. Anayenitisha mimi ni yule anayesali kabla ya kuchoma, anasali baada ya kuchoma, na usingizi wake hausumbuki.

Kwa hiyo ishara ziwemo, ila ziachwe kama zilivyoonekana. Paris, 24 Agosti 1572, siku ya Mtakatifu Bartolomayo, mauaji ya Waprotestanti yalianza. Siku iliyofuata, katika makaburi ya Innocents, mti wa miiba ukachanua nje ya msimu wake. Wakatoliki wakamiminika kuutazama, wakasema Mbingu imeridhika, na mauaji yakaendelea kwa ari mpya. Sitaki mwandishi anieleze mti ule ulichanuaje. Ningetaka aniweke karibu, nione petali nyeupe na mtu mwenye damu kwenye mkono wa shati akizigusa kwa machozi ya furaha.

Kuhusu matumbo na damu, sina mengi ya kusema. Vizimba vitatu vya chuma vilivyotiwa maiti za viongozi wa Waanabaptisti, Waprotestanti wenye msimamo mkali waliokuwa wameuteka mji, mwaka 1536 bado vinaning'inia kwenye mnara wa kanisa la Mtakatifu Lamberti, mjini Münster, Ujerumani. Historia imeshatimiza sehemu hiyo, mwandishi asijisumbue.

Mhusika ninayemsubiri ni mtu kama Friedrich Spee, kasisi Mkatoliki wa shirika la Wajesuti, Ujerumani. Mwaka 1631 kilichapishwa kitabu chake dhidi ya kesi za uchawi, bila jina lake, akieleza kwamba mateso ndiyo yanayozalisha wachawi. Hakuwa mtu asiyeamini. Hakukana kwamba wachawi wapo. Hebu mfikirie mtu wa namna hiyo usiku, baada ya kusikiliza maungamo ya mwanamke atakayechomwa asubuhi: anamwamini shetani kwa moyo wote, na kila anayeletewa hana hatia. Basi shetani yuko wapi katika mji huu, na anawatumia nani? Swali hilo peke yake linatosha riwaya nzima, na ningeinunua leo.