Nilikuwa Natafuta Sikio Moja

Sisi wakusanyaji wa santuri tuna ugonjwa ambao hatuusemi nyumbani: tunachungulia kwanza, kusikiliza baadaye. Nipe santuri ya zamani ya Blue Note, kampuni ya jazi ya Marekani, sitakuuliza nani anapuliza saksafoni. Nitaiinamisha kwenye mwanga, nitakodoa macho pale palipo laini, kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya lebo, natafuta sikio.

Sikio lenyewe ni herufi P ya mwandiko wa mkono, alama ya kiwanda cha Plastylite kilichokuwa kikiwachapia Blue Note santuri zao hadi katikati ya miaka ya 1960. Imepinda vibaya, kila anayeiona anaona sikio, basi jina likashika. Likiwepo, mkusanyaji anapumua. Lisipokuwepo, uso unamnyong'onyea kama wa mtu aliyefika karamuni masufuria yakioshwa.

Siku moja nikasikia kuna mtu anahama, anatupa boksi la santuri. Sikuuliza zikoje. Nilifika pale jasho linanitoka, nikalikuta boksi limewekwa nje, midomo yake nusu imefunikwa. Juu kabisa kulikuwa na jalada lenye herufi kubwa kubwa na picha iliyokatwa upande, mtindo ule wa Reid Miles, mchoraji aliyeyafanya majalada ya Blue Note yatamanike hata na kiziwi. Moyo ukaruka. Nikatia mkono ndani.

Sikio nikalipata. Lilikuwa na joto, lina manyoya, na chini yake kulikuwa na meno.

Nilipiga ukelele uliomtoa mwenye nyumba nje. Akanitazama, akatazama boksi, akasema, "Ukichukua, chukua vyote. Hakuna kuchagua." Nikachukua vyote. Majalada, nilikuja kugundua baadaye, yalikuwa matupu karibu yote. Kitu pekee kilichokuwa kizima ndani ya boksi lile ni kipaka mmoja, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, mkubwa kidogo kuliko ngumi yangu, ananuka vumbi na hasira.

Mke wangu alinipokea mlangoni, macho yakaenda kwenye boksi moja kwa moja.

"Tulikubaliana hakuna sahani nyingine."

Yeye santuri huziita sahani. Sahani zisizoliwa.

"Si sahani," nikasema, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nimeshika boksi na nasema kweli.

Hapa lazima nieleze jinsi nyumba yetu ilivyopangwa, maana ndipo balaa lilipopata njia. Mimi santuri zangu sizipangi kwa jina la mwimbaji. Nazipanga kwa lebo, yaani kampuni iliyozitoa. Motown na Motown, Chess na Chess, Stax wana rafu yao, Impulse wana yao. Mke wangu anasema ni sawa na mtu kupanga nguo kabatini kwa kiwanda badala ya kwa mwenye kuzivaa. Hajui. Lebo nzuri ya zamani ilikuwa na sauti yake, kama nyumba inavyokuwa na harufu yake. Blue Note ya miaka ya 1950 ina sauti ya sebule, na ni sebule kweli: fundi Rudy Van Gelder alikuwa akirekodi sebuleni kwa wazazi wake, Hackensack, New Jersey, hadi alipojenga studio yake mwaka 1959. Stax ina sauti ya ukumbi, kwa sababu walikuwa ndani ya sinema ya zamani kule Memphis, sakafu bado imeinama kama ilivyojengwa kwa ajili ya watazamaji.

Na habari ya Stax ndiyo niliyokuwa nikiisimulia mezani kila wiki, mpaka binti yangu akawa anaimalizia kabla yangu. Jim Stewart, karani wa benki, na dada yake Estelle Axton. Herufi mbili za jina la kaka, mbili za dada, ikawa Stax. Kisha Stewart akatia sahihi mkataba na Atlantic, kampuni iliyokuwa ikiwasambazia santuri, bila kuusoma vizuri, na mwaka 1968 walipoachana, akagundua kwamba rekodi zote zilizopita mikononi mwa Atlantic ni mali ya Atlantic. Zote. Hapo mimi hugonga meza: "Mtu mzima! Karani wa benki! Hasomi karatasi!"

Haya. Usiku ule wa kwanza binti yangu, ambaye ana hamu ya kuwa wakili tangu alipojua mawakili hulipwa kwa kubisha, akaja na ukurasa wa daftari. Makubaliano. Paka anakaa wiki moja kwa majaribio, baba atie sahihi hapa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza, paka kaning'inia kwenye mkono wa shati. Nikatia sahihi.

Nilimpa jina Berry. Berry Gordy alianzisha kampuni yake, Motown, mwaka 1959 kwa dola 800 alizokopa kwa familia, akanunua nyumba ya kawaida Detroit, akaandika nje kwamba hapa ndipo vibao vinapotoka, na akahakikisha vinatoka. Huyu wangu alianza na boksi, na kufika asubuhi alikuwa keshamiliki kiti changu.

Daktari wa mifugo alimshika shingoni, akamgeuza, hakumaliza hata kumgeuza. "Huyu jike."

"Umeona saa ngapi?"

"Nimeona rangi." Akanieleza kwamba chembe ya kuleta rangi ya chungwa hukaa kwenye kromosomu X, na dume wa kawaida anayo X moja tu, kwa hiyo hawezi kuwa na nyeusi na chungwa kwa pamoja, ukikuta mabaka namna hii, karibu kila mara ni jike. Akaongeza kwamba macho bado ya buluu, huyu hajatimiza miezi miwili, na nisimpe maziwa ya ng'ombe kwa sababu yatamharisha. Hiyo ya mwisho ningeshukuru kuisikia jana yake. Sitaeleza zaidi. Mke wangu ndiye aliyeosha zulia.

Basi Berry akawa Estelle, na jina likamkaa. Estelle Axton ndiye aliyeweka nyumba yake rehani ili kaka yake apate mashine ya kurekodia, kisha pale palipokuwa pakiuzwa bisi kwenye ile sinema akafungua duka la santuri, akawa anasikia wateja wanataka nini kabla studio haijajua. Mwanamke wa kukaa mlangoni na kuona kila kitu. Huyu wetu naye hivyo hivyo.

Ila nilikuwa simwoni. Majalada ya Impulse yana migongo ya rangi ya chungwa na nyeusi, ndiyo sare yao, ukiyapanga rafu nzima inawaka. Sasa chukua paka wa rangi ya chungwa na nyeusi, mkalishe mbele ya rafu hiyo. Hayupo. Unasikia tu *kra, kra, kra*. Nilidhani ni sindano imechakaa. Nilibadilisha sindano. Ilikuwa siku ya tano ndipo mgongo mmoja wa jalada uliponipepesea macho, nikafahamu kwamba Estelle amekuwa akinoa kucha kwenye Impulse zangu tangu afike, tena kwa mpango, kuanzia kushoto.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikajiambia wiki ikiisha, anatoka.

Wiki ikaisha, nikasahau. Siku ya tisa akaja mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache na heshima nyingi, na mimi mbele yake huwa mtoto wa darasa la kwanza. Alikaa kwenye kiti changu, hakuna wa kumwambia kitu, akazitazama rafu, akauliza, "Hizi zinaimba kweli, au ni pambo?"

Ningekuwa na akili ningesema pambo. Badala yake nikaenda kwenye hazina. Nina santuri moja niliyorithi kwa babu, ya HMV, lebo ya kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ya mizunguko 78 kwa dakika. Hizo si za plastiki. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu mgumu wa wadudu, na zinavunjika kama gamba la yai. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Yangu si ya Siti, ningekuwa na ya Siti nisingemruhusu hata mama yangu mzazi kuivutia pumzi karibu.

Nikamwonyesha lebo: mbwa mweupe kainamisha kichwa mbele ya gramafoni. Nikamweleza kwamba mbwa huyo, Nipper, alikuwepo kweli, na alikuwa keshakufa mchoraji Francis Barraud alipomchora. Tena kwenye picha ya kwanza alikuwa akisikiliza mashine ya aina nyingine kabisa. Kampuni ya Gramophone ilipoitaka picha ndipo Barraud akaifuta ile mashine kwa rangi, akachora gramafoni yao juu yake. Mbwa hakuulizwa.

"Maskini," mama mkwe akasema. Nikaona mambo yananyooka. Nikaiweka, nikashusha mkono wa sindano.

Estelle alikuwa juu ya spika. Jogoo wa lebo ya Sun, yule wa kwenye karatasi ya njano, alikuwa akizunguka mbele yake kila siku na hakuwahi kumjali. Hata nilimsimulia kwamba jogoo yule ndiye aliyemuuza Elvis mwaka 1955 kwa kampuni ya RCA, nao RCA wana mbwa huyu huyu. Hakuguswa. Lakini sasa mbwa mwenyewe ametokea, tena anakimbia. Kichwa cha Estelle kikaanza kuzunguka. Kisha makalio yakaanza kutikisika, na anayejua paka anajua hapo dua hazisaidii tena.

Akaruka.

Mizunguko 78 kwa dakika ni mingi kuliko unavyofikiri. Uso wake ulipita mbele yangu mara moja, umeshangaa. Ukapita mara ya pili, unanilaumu. Mara ya tatu haukupita, kwa sababu alikuwa hewani, na alipotua alitua mapajani mwa mama mkwe, kucha zote ishirini kasoro mbili.

Mama mkwe aliinuka kama kijana. Estelle akaenda kwenye pazia. Mimi nikanyanyua sindano, nikaitoa santuri, nikaitazama kwenye mwanga. Nzima! Hata mkwaruzo sikuuona. Mikono inatetemeka, pazia linachanika, nikatafuta mahali laini pa kuiweka upesi nimwahi paka. Mahali laini pa karibu palikuwa mto wa kile kiti alichoinuka mama.

Nilikuwa nimemshika Estelle mkia nilipogeuka. Mama mkwe alikuwa amekwisha kutulia, ameshusha pumzi, anakaa.

*Kwach.*

Sasa wewe niambie. Ungesema nini? "Mama, naomba uinuke, umekalia urithi wangu"? Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu.

"Mama," nikasema hatimaye, "hapo pana upepo. Hamia kile kiti cha pale."

"Upepo naupenda, mwanangu."

"Nikuletee mto mwingine?"

"Huu unatosha."

Akakaa saa nzima. Tuliongea habari za afya, habari za ndugu, habari za afya tena. Kila alipojisogeza kidogo ilitoka sauti mpya, na kufika mwisho niliweza kuhesabu vipande bila kuviona. Nilihesabu sita. Alipoondoka nikainua mto: vilikuwa sita kamili. Lebo tu ndiyo iliyosalimika, iko katikati, mbwa mzima, bado anasikiliza.

Nikapanda hasira. Nikamwita binti yangu, nikamwambia alete ile karatasi, leo paka anarudi kwenye boksi. Akaileta bila haraka, hilo lingenitosha kujua. Kifungu cha tatu: wiki ikipita bila baba kupinga kwa maandishi, paka, kwa jina lolote atakaloitwa, ni wa nyumba hii moja kwa moja. Kifungu cha nne: chochote atakachoharibu kitahesabiwa kilikuwa kimewekwa mahali pasipofaa. Cha tano: rafu za chini ni zake.

"Baba," akasema, "mtu mzima."

Hakugonga meza. Angalau hilo.

Baada ya mwezi hivi mama mkwe akaja tena. Alisalimu, akakiendea kile kile kiti, na kabla ya kukaa akainama, akapapasa mto taratibu, huku na huku. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kitu kimefungwa kwenye gazeti.

"Siku ile nilisikia, mwanangu," akasema, hanitazami. "Nikaona haya kuinuka. Binti yangu siku zote ananiambia mume wake anajaza nyumba sahani. Sikujua mnazikalia."

Nikafungua gazeti. Ilikuwa sahani nyeupe ya udongo, nzito, ina maua ya buluu ukingoni.

Niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Nikaigeuza nyuma, nikaiinamisha kwenye mwanga.